Chuma Chembamba, Chumba Kipana

Mwaka 1968 mchongaji Donald Judd alinunua jengo zima la ghorofa tano katika barabara ya Spring, mtaa wa SoHo, New York. Jengo hilo lilisimamishwa mwaka 1870, na uso wake ni wa chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mtaa ule ulijaa viwanda na maghala ya karne ya 19 ambayo wenyewe walikuwa wameanza kuyahama. Wasanii waliingia humo kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na nafasi ilikuwa tele. Wengi waliishi kinyume cha sheria, hadi mwaka 1971 mji ulipobadili kanuni na kuwaruhusu wasanii kukaa. Fedha za kupiga lipu upya au kuficha mabomba hazikuwapo, kwa hiyo waliyaacha majengo kama walivyoyakuta, wakaweka meza ya kulia katikati ya ukumbi, maisha yakaendelea.

Mtindo tunaouita leo mtindo wa kiwanda ulikulia katika kumbi kama zile, kisha ukasafiri mbali. Umefika kwenye mikahawa ya Masaki, Dar es Salaam, na Westlands, Nairobi, na kutoka mikahawani umeingia majumbani: tofali lisilopigwa lipu, saruji isiyopakwa rangi, taa inayoning'inia kwa waya mweusi, ubao mnene juu ya miguu ya chuma. Naupenda mtindo huu kwa dhati kwa sababu haumfichi fundi. Kiungo kinaonekana, boliti inaonekana, mbao inabaki na makovu yake.

Tatizo huanza tunapouleta kwenye chumba cha kulia cha mita 2.7 kwa 3.3 katika nyumba ya kupanga ya ghorofani. Tunachukua chuma, tofali na rangi nyeusi, lakini hatuwezi kuchukua dari iliyo juu kabisa wala madirisha yanayokaribia kugusa sakafu. Chumba kinakaba. Mkaaji anatazama alichokitengeneza, anaona kila kitu ni kizuri kikiwa peke yake, na bado hataki kukaa humo.

Inafaa kujiuliza madirisha yale ya SoHo yalipatikanaje. Ukuta wa matofali unaobeba ghorofa tano sharti uwe mnene, na tundu la dirisha lake liwe dogo, kwa kuwa kila tundu linaudhoofisha. Nguzo ya chuma hubeba mzigo mkubwa kwa mwili mdogo. Sehemu iliyobaki kati ya nguzo na nguzo inakuwa kioo. Zama zile hapakuwa na umeme, na mshonaji au mpanga chapa alihitaji mwanga wa jua ufike mbali ndani ya jengo. Chuma kilikuwa njia ya kuuingiza mwanga. Sisi tumekitwaa tukakifanya njia ya kuleta giza na uzito.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza katika sura hii ni moja: ndani ya chumba kidogo, kitumie chuma kwa ajili ya wembamba wake. Uzito wake uache kwenye daraja na kwenye reli.

Futikamba kabla ya rangi

Watu wengi huanza na rangi. Nakuomba uanze na futikamba, kwa sababu chumba cha kulia ni mahali pa miili inayokaa, inayoinuka na inayopita, na miili hiyo ina vipimo. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 mezani ili viwiko visigombane na vya jirani. Nyuma yake, kuanzia ukingo wa meza, anahitaji sentimita 75 ili avute kiti na kuinuka. Kama kuna mtu atakayepita na hotpoti ya wali wakati yeye ameketi, ziwe 90 au zaidi.

Sasa piga hesabu. Meza ya watu sita, sentimita 80 kwa 160, ikiwekwa katikati ya chumba chetu cha 270 kwa 330, inabakiza 95 kila ubavu na 85 kila kichwa. Kwa hesabu hiyo chumba kinatosha. Kwa nini basi kinabana? Kwa sababu hakuna anayeishi na meza peke yake. Kuna kabati la vyombo lenye kina cha sentimita 45. Likisimama ubavuni, zile 95 zinakuwa 50, na kiti hakivutiki tena. Kuna jokofu, ambalo katika nyumba zetu nyingi hukaa chumba cha kulia kwa kuwa jiko ni dogo. Kuna sinki la kunawia mikono pembeni, na chupa kubwa ya maji ya kunywa na stendi yake. Meza inalaumiwa bure.

Dawa ya kwanza ni kuacha kuiweka meza katikati. Weka benchi ukutani, na usogeze meza ilifuate. Benchi likichukua sentimita 45, na meza ikapunguzwa upana hadi 75 na kurefushwa hadi 180 ili watatu wakae kila upande, upana wa vyote viwili unamaliza 120. Zinabaki 150, zote upande mmoja. Ukitoa 75 za mtu kuvuta kiti, bado una njia ya 75 ambayo hapo awali haikuwapo kabisa. Nafasi iliyotawanyika vipande vinne kuzunguka meza haihisiwi na mtu. Ikikusanywa mahali pamoja inakuwa njia, au sehemu ya mtoto kuketi na magari yake, au mahali pa kutandika mkeka siku wageni wakizidi viti. Kwa nyumba za pwani, ambako siku ya futari sinia huwekwa chini na watu wakalizunguka, sakafu iliyo wazi ina thamani kuliko kiti cha saba.

Upana wa 75 unatosha sahani mbili zinazotazamana na hotpoti katikati. Chini ya 70 vyombo vinaanza kugongana, na mlo unakuwa kazi ya kuhamisha hamisha. Kabla ya kumwita fundi, chora yote haya sakafuni kwa chaki au utepe wa karatasi, kisha ishi na mchoro huo siku chache. Pita ukiwa umebeba sinia. Fungua mlango wa jokofu mpaka mwisho. Mistari ya sakafuni itakuambia mengi ambayo picha ya simu haiwezi kukuambia.

Jokofu lenyewe lihamishie ukuta uleule wenye mlango wa kuingilia. Likikaa hapo, mtu anayeingia anakuwa amelipa kisogo, na jambo la kwanza macho yake yanalokutana nalo ni meza na dirisha. Chumba hupimwa katika hatua mbili za kwanza mlangoni, na kilichosimama mbele ya macho wakati huo ndicho kinachoamua kama tutakiita kikubwa au kidogo.

Miguu ishirini na minane

Piga magoti mlangoni pa chumba cha kulia cha kawaida uhesabu miguu. Meza ina minne, viti sita vina ishirini na minne: jumla 28, yote imesimama katika eneo lisilofika mita nne za mraba. Sakafu ipo, ila haionekani, na macho huamini kile yanachokiona tu. Eero Saarinen, msanifu wa Kifini aliyefanya kazi Marekani, alikerwa na msitu huu wa miguu kiasi kwamba mwaka 1957 alitoa meza na viti vinavyosimama kila kimoja juu ya mguu mmoja katikati.

Si lazima tufike huko. Benchi la ukutani likifungwa kwa mabano ya chuma na boliti zinazotanuka ndani ya tofali, halina mguu hata mmoja, na fagio linapita chini yake bila kizuizi. Meza ikisimama juu ya miguu miwili yenye umbo la T, anayeketi kwenye benchi anateleza mpaka nafasi yake bila kugonga goti. Ukiongeza viti vitatu upande wa pili, miguu yote chumbani inakuwa 14. Ni nusu, na watu ni walewale sita. Wapo watakaokushauri ulifanye benchi sanduku la kuwekea vitu. Mimi sikubaliani nao kwa chumba kidogo: sanduku linaziba sakafu na kuusogeza ukuta karibu, na baada ya mwaka limejaa vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Fundi wa kuchomelea, awe Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, akisikia unataka mtindo wa kiwanda, mara nyingi atakupendekezea bomba la mraba la inchi tatu. Anadhani unataka kuonyesha nguvu. Mweleze kwa upole kwamba unataka kuonyesha ufundi wake. Bomba la mraba la milimita 40, lenye unene wa ukuta wa milimita 2, linaibeba meza ya watu sita na wote wakiiegemea. Kwa viti, milimita 25 zinatosha, zikiwekewa viungo vya kushikiza chini ya kikalio. Kinachofanya chuma chembamba kisimame imara ni mahali kilipoungwa na jinsi kilivyoungwa: pembe iliyonyooka, weldi iliyojaa pande zote za kiungo, na fundi aliyepima mishazari miwili ya fremu kabla ya kuchoma, kuhakikisha inalingana.

Ubao wa juu nao unahitaji busara. Picha nyingi za mtindo huu zinaonyesha ubao wa sentimita 5 au 6, na ndani ya ghala la zamani unapendeza. Kwenye chumba chetu, sentimita 3 za mninga zinatosha. Mninga haupindi ovyo msimu ukibadilika, ndiyo maana maseremala wa Keko wanauheshimu. Mwombe seremala auchonge ukingo kwa mshazari upande wa chini, mpaka sehemu inayoonekana ibaki sentimita moja na nusu. Mtu aliyesimama ataona jani la mbao limekaa juu ya chuma. Matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kidogo, si ya duara, ili mbao ipate kupanuka wakati wa masika bila kupasuka.

Kuhusu viti, historia ya mtindo huu imetuachia mifano miwili inayotufaa hasa sisi wa pwani. Wa kwanza ni kiti cha bati la chuma cha Tolix, alichokitoa Xavier Pauchard katika mji wa Autun, Ufaransa, mwaka 1934. Pauchard alikuwa fundi wa kupaka chuma zinki ili kisishike kutu, na viti vyake viliweza kukaa nje ya mikahawa mvua ikinyesha. Viliundwa vipangike kimoja juu ya kingine, jambo ambalo kwa chumba kidogo ni baraka: vitatu vinakaa mezani, vingine vinasimama kwa mnara mmoja pembeni. Wa pili ni kiti cha alumini ambacho kampuni ya Emeco ilikitengenezea jeshi la majini la Marekani mwaka 1944. Kilitakiwa kiwe chepesi na kivumilie hewa ya bahari. Mtu wa Tanga au Mombasa ambaye ameona grili ya dirisha ikilika kwa chumvi atalielewa sharti hilo bila kuelezwa.

Ukiviagiza kwa fundi, angalia vitu viwili: kiti kisiwe na mikono, ili kiingie chote chini ya meza, na mgongo wake usipande sana juu ya ubao. Mgongo unaozidi meza kwa sentimita 10 tu unaacha macho yapite. Viti vya migongo mirefu, vile vinavyouzwa pamoja na meza za kioo, vinajenga uzio kuizunguka meza.

Lile kabati kubwa la vyombo lenye vioo naliondoa karibu kila mara, ingawa najua lina heshima yake, na kwamba ndani yake mna seti ya vikombe vya harusi. Badala yake inatosha rafu ya chuma ya sentimita 25, iliyofungwa ukutani juu ya usawa wa kifua, isiyogusa sakafu. Ibebe vinavyotumika: sahani, bilauri, jagi, hotpoti mbili. Vikombe vya harusi vipate mahali pa juu, vichache vionekane vizuri. Rafu ya wazi haisamehe. Ukiirundikia kila kitu kilichokuwa kabatini, utakuwa umeondoa mlango tu na fujo imebaki.

Mwanga unakotoka na unakoishia

Mwaka 2010 watafiti watatu wa Ujerumani, Daniel Oberfeld, Heiko Hecht na Matthias Gamer, walichapisha utafiti kuhusu rangi na kimo cha chumba. Waliwaonyesha watu vyumba vilivyochorwa kwa kompyuta ambavyo vipimo vyake ni vilevile, wakibadilisha weupe wa dari, kuta na sakafu. Dari ikiwa nyeupe zaidi, watu walikiona chumba kirefu zaidi kwenda juu. Kuta zikiwa nyeupe zaidi, vivyo hivyo. Weupe wa sakafu haukuleta tofauti.

Hili linatupa uhuru mahali na kutunyima mahali. Sakafu ya saruji ya kijivu, hata iliyokolea, ruksa. Dari nyeusi, ambayo mikahawa inaipenda kwa sababu inaficha mabomba, haifai kwetu. Mikahawa ile ina mita nne za kwenda juu; sisi tuna mbili na nusu, tatu ukibahatika. Paka dari nyeupe isiyong'aa, na mabomba ya nyaya yanayopita juu yake yapake nyeupe vilevile. Yataonekana bado, kwa kivuli chake, na hayataishusha dari.

Hapa pia mtindo wa kiwanda unatupa faida ambayo mitindo mingine haitupi. Dari za jipsam zenye ngazi na taa za ndani zimekuwa fahari mijini, na kila moja inakula sentimita kadhaa za kimo cha chumba. Ukiwa kwenye jengo la ghorofa, juu ya jipsam hiyo kuna zege. Iondoe. Utapata kimo bila kubomoa ukuta, na zege lenye alama za mbao za kufinyangia ni pambo ambalo wajenzi walikuachia bila malipo. Lakini kama juu yako kuna bati, usithubutu. Dari ndiyo kinga yako dhidi ya joto la saa nane mchana.

Tofali tupu nalo lina mahali pake. Nyekundu yake hunywa mwanga mwingi, kwa hiyo kuta nne za tofali ni pango. Chagua ukuta mmoja, na usichague ule unaotazamana na dirisha. Ukuta huo ndio unaopokea mwanga mwingi kuliko zote na kuurudisha chumbani, uache mweupe. Tofali liweke kwenye ukuta wa ubavuni, unaopakana na dirisha kwa pembe. Mwanga utaupitia kwa mshazari, kila tofali litatupa kivuli chake kidogo, na utapata lile umbile ulilokuwa ukilitafuta kwa ukuta mmoja tu. Kama unapendelea saruji, mwambie fundi apige niru kwa saruji nyeupe iliyochanganywa na ya kawaida. Inatoa kijivu chepesi kinachorudisha mwanga zaidi kuliko niru tupu.

Nyumba za mawe za Lamu zina somo hapa, na zimelitunza tangu karne ya 18. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa kawaida chini ya mita 3. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na mwanga ulitoka uani tu. Mafundi walijibu kwa lipu ya chokaa nyeupe, na kwenye ukuta wa ndani wakapanga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu. Jicho likifika ukutani halikomi. Linaingia ndani ya kidaka, linakuta kivuli, linaamini kwamba kuna nafasi zaidi nyuma yake. Usam Ghaidan, msanifu aliyezipima nyumba hizo miaka ya 1970, aliziandikia kitabu kizima. Tofali la inchi sita la nyumba ya leo halichimbiki, usijaribu. Lakini fremu nyembamba ya chuma yenye kina cha sentimita 12, iliyogawanywa visanduku, mgongo wake ukiwa ukuta mweupe wenyewe, inafanya kazi ya zidaka. Acha visanduku kadhaa vitupu. Utupu ndio unaofanya kazi.

Kioo cha kujitazamia ndicho ushauri wa kwanza wa kila mtu, na mara nyingi hutundikwa vibaya. Mjini London, katika nyumba ya msanifu John Soane pale Lincoln's Inn Fields, kuna chumba kidogo cha kifungua kinywa alichokijenga mwaka 1812. Ndani yake mna vioo zaidi ya mia moja, vingi vidogo, vya mbinuko, vimepachikwa kwenye pembe za kuba na kando kando. Hakuna hata kimoja kinachojaribu kudanganya kwamba kuna chumba kingine nyuma ya ukuta. Kila kimoja kinakamata chembe ya mwanga na kuirusha. Na kuba lenyewe halifiki kwenye kuta mbili za mwisho: nyuma yake mwanga unateremka kutoka juu bila chanzo chake kuonekana, na kuta zile zinang'aa.

Kwa hiyo kabla ya kutundika kioo, uliza kitaona nini. Kikitazama jokofu, utakuwa na majokofu mawili. Kiweke mahali kitakapolikamata dirisha au anga. Jicho la mtu mzima aliyeketi liko kama sentimita 120 kutoka sakafuni. Kioo kinachoanzia juu ya hapo kinamwacha mlaji ale bila kujitazama akitafuna. Fremu yake iwe chuma bapa cha milimita 3, basi.

Dirisha lenyewe lisaidie kwanza. Mwaka 1884 karakana ya Crittall, mji wa Braintree, Uingereza, ilianza kutengeneza madirisha ya chuma, na uzuri wake wote ulikuwa wembamba wa fremu. Grili zetu nyingi zimekwenda njia nyingine: maua, mikuki, nondo zilizosokotwa. Kama una nafasi ya kuibadili, agiza vyuma bapa vilivyosimamishwa kwa upande wa ukingo, ili ukitazama moja kwa moja uone mstari wa milimita chache tu. Nguvu yake dhidi ya mwizi iko kwenye kina, ambacho hukioni. Na wavu wa mbu uwe mweusi au wa kijivu kilichoiva. Wavu mweupe hushika jua na kuwa ukungu mbele ya macho, mweusi huyaacha yapite.

Usiku ndipo vyumba vingi vya mtindo huu hushindwa. Taa ya kofia nyeusi ya bati humwaga mwanga wote mezani na kuacha kuta gizani, na kuta zisizoonekana husogea. Ongeza taa mbili ndogo za ukutani zinazopaka mwanga ukuta wenyewe, zenye balbu za rangi ya joto, kati ya kelvini 2,700 na 3,000. Taa ya meza iwe sentimita 75 hadi 90 juu ya ubao.

Lakini hapa kwetu kuna pangaboi. Wenye vitabu vya mapambo vya Ulaya hawalizungumzi, na bila pangaboi mwezi wa Februari Dar es Salaam hakuna atakayemaliza mlo. Pangaboi la kawaida lina kipenyo cha karibu mita 1.4. Likiwa katikati ya dari ya chumba chetu, mapanga yake yanapita juu ya meza uliyoisogeza ukutani, na waya wa taa hauwezi kuteremka hapo. Ukiweka taa juu ya mapanga, mwanga unakatwakatwa na kumeta meta mpaka kichwa kinauma.

Jibu lilishapatikana. Jean Prouvé, mfua vyuma wa Nancy, Ufaransa, aliyegeuka mbunifu wa majengo, alibuni nyumba za chuma na alumini kwa ajili ya Afrika. Zilisimikwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951. Miaka hiyohiyo alitoa taa ya mkono: bomba moja jembamba linalotoka ukutani, limeshikwa na waya wa kuvuta, balbu kwenye ncha, na bawaba inayouruhusu mkono mzima kuzunguka. Hakuna kitu chini yake wala juu yake. Fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anaweza kuunda mfano wake wa sentimita 85 kwa bomba la milimita 16. Mkono ufungwe sentimita 190 kutoka sakafuni ili anayeinuka kwenye benchi asiugonge, kofia ya taa iteremke kwa waya mfupi, na pangaboi lizunguke juu yake bila kukutana nayo. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika chumba cha namna hii, kwa sababu kinafanya kwa bomba moja kazi ambayo dari nzima ilishindwa kuifanya.

Sauti nayo ihesabiwe. Saruji, chuma na kioo hurudisha kelele, na vijiko vya watu sita ndani ya chumba kitupu hufanya mtu atamani kuondoka. Mito minene kwenye benchi, pazia la pamba linalofika sakafuni, mkeka wa ukindu ukutani nyuma ya benchi badala ya picha ya kioo, na kofia za mpira kwenye kila mguu wa kiti. Ni gharama ndogo, na mazungumzo yatarudi kuwa ya sauti ya kawaida.

Ukifika kwa fundi, nenda na mchoro wenye vipimo vya milimita, na mkubaliane kwa maandishi unene wa bomba, maana bomba la milimita 1.2 lililopakwa rangi linafanana kabisa na la milimita 2. Mwombe asage kila kiungo kwa grinda kabla ya rangi, ausugue mwili wote kwa msasa, apake rangi ya kuzuia kutu mikono miwili mpaka ndani ya pembe, kisha ndipo rangi ya juu. Azibe ncha zote za mabomba kwa vipande vya bati, kwa sababu kutu ya pwani huanzia ndani. Kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba aelezwe mapema kuhusu boliti za ukutani na jipsam. Na miguu ya meza ishike ubao kwa boliti, isichomelewe pamoja na fremu moja kubwa: mlango wa nyumba ya ghorofa una sentimita 80 au 90, ngazi zina kona, na meza ya sentimita 180 iliyokwisha kuunganishwa itabaki chini kwa mlinzi.